Nyembe Mbili na Karatasi ya Sigara

Baba yangu alipimia valvu kwa nyembe mbili za kunyolea na kipande cha karatasi inayong'aa, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Alivipanga pamoja, karatasi ikiwa katikati, akavifunga upande mmoja kwa uzi mweusi visiachane, akavitunza ndani ya kopo la mafuta ya mgando lililokwisha. Yeye mwenyewe hakuvuta sigara. Karatasi aliomba kwa majirani, na alikuwa na masharti: isiwe imekunjwa, isiwe imeshikwa na mikono yenye jasho.

Naeleza kwanza kazi yenyewe, maana watu wengi wanaoendesha magari hawaijui, na asiyeijua hataelewa nilichokifanya. Ndani ya injini kuna milango midogo, ndiyo valvu, inayofunguka na kufunga ili kuingiza mafuta na kutoa moshi. Kila mlango unasukumwa na mkono wa chuma. Kati ya mkono na mlango lazima ibaki nafasi nyembamba sana, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele kama cherehani bovu. Ikipungua, injini inanyamaza, lakini mlango haufungi sawasawa tena. Moto unapita pembeni yake na kuula taratibu. Kelele unaisikia siku hiyohiyo. Madhara ya ule ukimya unayaona baada ya wiki kadhaa, ukiwa mlimani na mzigo.

Nyembe alizianza kiwandani, miaka ile ambayo madukani hapakuwa na kitu. Alikuwa fundi wa karakana. Kipimo halisi, kile chenye majani membamba ya chuma ambacho mafundi wanakiita fila, kilikuwa kimoja tu karakana nzima, na majani yake yakawa yanakatika moja baada ya jingine, wala hapakuwa na namna ya kuagiza kingine. Kabla jani lenye alama ya kumi, lile la valvu, halijakatika, baba alikaa nalo mchana mzima akilinganisha. Wembe mmoja, hapana. Mbili, bado kidogo. Mbili na karatasi ya sigara, sawa. Hakupima kwa macho. Alipima kwa ncha za vidole, kwa namna chuma kinavyokataa kidogo unapokivuta.

Kisha mambo yakaruhusiwa, madukani vitu vikajaa, na kiwanda kikapewa mwekezaji. Mwekezaji alipunguza watu. Baba alitoka na landrova kuukuu ya karakana, pikapu ambayo hakuna aliyeitaka, na ndiyo iliyotulisha. Mara mbili kwa wiki alikwenda Matombo kuwachukua akina mama wanne na mikungu yao ya ndizi, akawaleta sokoni Morogoro. Barabara ile hupanda na kushuka kwenye mawe tupu, na wenye magari mazuri hawakupenda kuyapeleka huko. Kwa hiyo riziki yetu ilikuwa kwenye ile injini, na injini ilikuwa kwenye zile nyembe. Nililijua hilo vizuri. Sikuweza baadaye kusema kwamba sikulijua.

Kuseti valvu ilikuwa kazi ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kwa sababu injini lazima iwe imepoa kabisa. Baba alifungua kava juu ya injini, mama akashika hendeli ya kuzungushia injini pale mbele. Alikuwa amevaa bado gauni la kanisani, akijifunga khanga juu yake.

"Mama, zungusha."

"Nazungusha."

"Kidogo."

"Kidogo ya chumvi au kidogo ya sukari?"

"Ya chumvi."

"Ungesema mapema, nimeshatia ya sukari. Haya, narudisha."

Valvu ni nane. Ya kwanza ikibonyea mpaka mwisho, unapima ya nane. Ya pili ikibonyea, unapima ya saba. Siku zote mbili hizo ukizijumlisha unapata tisa. Baba alilegeza nati kwa spana, akageuza skrubu kwa bisibisi, akapitisha nyembe zake, akavuta, akasikiliza kwa vidole. Halafu akakaza nati na kupima tena, maana nati ikikazwa hula nafasi. Mama alisema hakuna padre anayemfanya asimame kimya muda mrefu hivyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Nilisoma utawala, na nilipoanza kusoma, aliyemaliza alipangiwa kazi na serikali. Nilipomaliza, hapakuwa tena na wa kumpangia mtu kazi. Tuliambiwa tukatafute sokoni. Niliandika barua za maombi mpaka nikazijua kwa moyo, na usiku nilizirudia kichwani nikitafuta neno lililoniharibia. Je, niliandika "natanguliza shukrani" mahali pasipofaa? Je, sahihi yangu inaonekana kama ya mtu anayetetemeka? Ninafikiri sana. Watu hudhani hiyo ni akili, na baba yangu alikuwa wa kwanza kudhani hivyo. Aliniita msomi, bila mzaha hata kidogo. Mgeni akifika nyumbani alimwambia, "Huyu ndiye binti yetu msomi," nami nikatazama miguu yangu.

Siku moja niliitwa Dar es Salaam kwenye usaili. Nilipofika, karani aliniambia bila kuinua macho kwamba nafasi imeshapata mtu, na barua za kutuita zilikuwa zimetumwa kabla haijapata. Nikazunguka Kariakoo nisijue niende wapi. Vitu vilivyokuwa vimepangwa chini kwenye turubai sijawahi kuviona kwa wingi namna ile: spana zinazong'aa, bisibisi za rangi, na fila mpya, majani kumi na matatu, ndani ya ala nyekundu. Niliinunua. Sikutaka kurudi mikono mitupu kwa mtu anayeniita msomi.

Basi liliposimama Mikese watu wakashuka kunyoosha miguu, mimi nikabaki nimeifungua mapajani kama feni. Mama mmoja wa kiti cha pili akaniuliza, "Dada, hiyo ni ya kutengenezea kucha?"

"Ya injini, mama."

"Injini na wewe wapi na wapi?"

Nikacheka naye, lakini swali hilo nililibeba mpaka Morogoro.

Baba alikuwa na kitabu cha ile landrova, cha Kiingereza, kisicho na jalada, alichoachiwa na mhandisi mmoja mgeni. Hakuweza kukisoma, ila alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Nilikaa nacho siku tatu. Nilijaza daftari. Nilijiuliza kama valvu zinahesabiwa kutoka mbele au nyuma, nikagundua kwamba kwa hesabu ya tisa haina tofauti, nikafurahi kama niliyevumbua kitu. Kitabu kilisema nafasi ni sifuri nukta sifuri kumi. Baba akasema, "Ndiyo, ni kumi. Kiwandani tulitumia jani la kumi." Kwenye fila yangu kulikuwa na jani lililogongwa sifuri nukta kumi. Niliiona sifuri iliyokosekana. Nataka hilo lieleweke: niliiona. Nililala nayo siku mbili. Nikajiambia jani jembamba kuliko yote kwenye fila ni sifuri nukta sifuri tano, linalofuata ni hili, na baba anasema kumi, basi wachapaji wa kitabu wana namna yao ya kuandika. Nilifikiri kuhusu kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo mtoto wa darasa la tano angeuliza: kumi ya nini?

Jumapili iliyofuata, baba alinipa spana mwenyewe.

"Leo anaseti msomi," alimwambia mama. "Mimi nasimama pembeni nijifunze."

"Hata mimi nisimame pembeni?"

"Wewe hendeli haina chuo. Zungusha."

Niliseti zote nane. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize masomo nilihisi kuna kitu duniani kinachokaa pale ninapokiweka. Nilipomaliza, baba akafungua kopo lake, akatoa nyembe, akajaribu kuzipitisha kwenye valvu ya kwanza. Hazikuingia. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya tano.

"Nyembe zangu haziingii," alisema.

"Nyembe zako ni za kukadiria, baba," nikamjibu. "Hiki ni kipimo."

Mama akaacha hendeli. Nakumbuka baba alizitazama zile nyembe, akazigeuza upande wa pili kana kwamba labda tatizo ni upande, kisha akazirudisha koponi na kufunga kifuniko.

"Sawa," akasema. "Kitabu kimesema."

Akawasha. Injini ilitulia kimya, ikapumua tu. Mama akapiga makofi. Baba alisimama ameinamisha kichwa, akisikiliza muda mrefu kuliko kawaida.

"Mbona hailii kabisa? Hii imezoea kulia kidogo."

"Ndiyo uzuri wake, baba."

Akina mama wa ndizi nao walisifu. "Landrova imekuwa kama Mjapani," mmoja alisema, na mwingine akaongeza, "Sasa tutasikia vizuri mnavyotusengenya." Baba aliwaambia wote nani alifanya. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu.

Wiki ya nne nilikuwa nimepanda naye kwenda Matombo, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Tulipakia mikungu, akina mama wakakaa juu yake. Tulipokuwa tunapanda mlima wa pili wa kurudi, gari likaanza kukosa nguvu. Baba akashusha gia. Likapiga kishindo kwenye ekzosi, tena na tena. Likasimama katikati ya mlima. Baba akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akazungusha hendeli. Ilizunguka laini, bila kukataa. Hendeli ya injini nzima hukataa, kwa sababu ndani hewa inabanwa. Hii haikubana kitu. Baba akaiachia, akabaki ameiinamia.

Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Akina mama walifunika ndizi kwa majani ya migomba, kisha kwa khanga zao wenyewe.

"Baba, litapona?" mmoja wao akauliza.

"Linapumzika."

"Sisi tunapumzika, ndizi hazipumziki. Zinaiva."

Ikatokea pikapu ya Kijapani, nyeupe, ya kijana mmoja wa mjini aliyekuwa amekwenda kujaribu barabara ile kwa mara ya kwanza. Walihamisha mkungu mmoja mmoja. Yule aliyezoea kututania alimwambia baba, "Usijali, Alhamisi tutakuwa wote." Alhamisi hatukuwa wote. Yule kijana alikuwa ameshaona kwamba barabara inapitika.

Fundi wa mjini alifungua kichwa cha injini mbele yetu. Valvu mbili za moshi zilikuwa zimeliwa pembeni kama biskuti iliyong'atwa, na chuma chenyewe kilikuwa na ufa kutoka tundu moja hadi jingine.

"Zilikuwa zinabana hizi," alisema. "Nani aliseti?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo.

"Mimi," baba akasema.

"Kwa zile nyembe zako?"

"Kwa nyembe."

Fundi alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. "Mzee wangu, dunia imebadilika. Fila zimejaa kila duka."

Nilidhani ananiokoa. Njiani nilipanga maneno ya kumshukuru. Lakini tulipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akamwambia mama, "Miaka yote nilikuwa nazibana bila kujua. Msomi alikuja kurekebisha, ila zilikuwa zimeshaharibika." Hakuwa akiniokoa. Aliamini. Aliliweka tendo langu kwenye nyembe zake kwa sababu hakuweza kufikiri pengine pa kuliweka.

Jioni hiyo niliitoa fila kwenye ala. Kwenye mpini wake kulikuwa na karatasi ndogo ya bei ambayo sikuwahi kuibandua. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na herufi mbili, mm. Kitabu kilipima kwa inchi. Kumi ya kitabu, kwa milimita, ni sifuri nukta ishirini na tano. Jani hilo lilikuwepo, la tano kwa mpangilio, safi, halijawahi kuguswa. Nilikuwa nimeacha nafasi isiyofika hata nusu ya iliyotakiwa. Nikajumlisha na nyembe: kila moja ni sehemu moja ya kumi ya milimita, karatasi inajazia kilichobaki. Alikuwa sahihi, kwa upana wa karatasi ya sigara.

Nilipanga kumwambia. Niliandaa kuanzia mwanzo, kisha kuanzia mwisho, kisha kwa namna ya maelezo ya vipimo ili isionekane kama ungamo. Nilijiuliza je, akijua, atafurahi kwamba alikuwa sahihi, au atahuzunika kwamba mtoto aliyemsomesha kwa ile kazi ndiye aliyeiua? Nilijiuliza kama kumwambia ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Maswali mazuri sana. Nilikaa nayo mpaka landrova ikanunuliwa na watu wa vyuma chakavu, wakaivuta kwa mnyororo, na mama akabaki ameshika hendeli waliyoisahau.

Baba alimpa mama zile nyembe azitumie kufumulia mishono. Karatasi aliitupa. Watu waliozoea kumletea magari Jumapili aliwarudisha. "Mimi nilikuwa nakadiria tu," aliwaambia. Hilo lilikuwa neno langu. Alilitamka polepole, kama mtu anayejifunza lugha, na mimi nilikuwa ndani nikiandika barua ya maombi.

Halafu akaja mwalimu mstaafu kutoka Matombo, mwenye landrova sawa na iliyokuwa yetu, ambaye kila mwaka alikuja kwa baba na kwa baba tu. Alilaza gari kwetu Jumamosi ili asubuhi injini iwe imepoa.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba, msomi. Baba yako ananiambia amestaafu nyembe."

"Mwulize huyu," baba akasema. "Ana kipimo."

Nilifungua kava. Mama alikuwa ameshika hendeli, ileile waliyoisahau watu wa vyuma chakavu. Nilichagua jani la tano na kulipitisha kwenye valvu ya nane. Lilipita likikataa kidogo, kama inavyotakiwa. Nafasi ilikuwa sahihi tangu baba alipoiacha mwaka uliopita. Nikalegeza nati na kuikaza tena palepale, nionekane nimefanya kitu. Ya saba ilikuwa hivyohivyo. Nikalegeza, nikakaza.

Baba alisogea nyuma ya bega langu. Kiingereza hakukijua, tarakimu alizijua.

"Hilo ni ishirini na tano," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hata yetu uliseti kwa hilo?"

Hapo palikuwa na nafasi. Sitapata nyingine nzuri kama ile, mwalimu yupo, mama yupo, maneno yote nimeshayaandaa kwa miezi. Nikasema, "Hata yetu, baba. Hilihili."

Alitikisa kichwa kukubali, akaingia ndani. Nilimsikia akihamisha vitu kwenye kikapu cha ushonaji. Akatoka na nyembe mbili, moja ikiwa na nyuzi nyekundu zilizonasa pembeni. Alizisafisha kwa pindo la shati. Akamwomba mwalimu pakiti yake ya sigara, akachana kipande cha karatasi, akakinyoosha juu ya paja, akakiweka katikati. Hakuwa na haraka. Kisha akaniondoa kwa mkono, bila kunisukuma, akapitisha nyembe kwenye valvu niliyotoka kupima.

Ziliingia.

Akazivuta nje, akaziingiza tena. Siku ile ya kwetu zilikuwa zimekataa, kwenye valvu tatu alizojaribu, na wote tuliokuwepo tulikumbuka. Mama aliacha kutazama injini akanitazama mimi.

"Zinaingia," baba akasema. Hakusema na mimi. Alimwambia mwalimu, ambaye hakujua kwa nini anaambiwa.

"Si ndivyo zinavyoingia kila mwaka?" mwalimu akajibu.

"Ndivyo."

Akachukua spana mkononi mwangu. Zilizobaki sita alizipima mwenyewe, akimwambia mama zungusha, simama, kidogo. Mama hakuuliza kidogo ya nini. Nilisimama pembeni na fila iliyo wazi, majani kumi na matatu, nikihofia hata kuikunja kwa sababu ingetoa sauti.

Mwalimu aliwasha gari. Lililia kidogo, mlio mwembamba wa chuma kinachogusana na kuachana. Baba alisimama barabarani akilisikiliza mpaka lilipokata kona ya kuelekea mjini, na hata baada ya hapo.

"Umesikia?" akamwuliza mama.

"Nimesikia," mama akasema.

Mimi sikuulizwa. Wakaingia ndani kunywa chai.